Medali za Barafuni na Watoto wa Mwandiga

Mwandiga, pale barabara ya Manyovu inapoanzia, watu hukutana kwa mambo mengi. Wapo waliokuja na madumu ya mawese, wapo waliokuja na mihogo na ndizi, na wapo wanaongoja gari tu. Hivi karibuni tulikuwa miongoni mwa hao wa mwisho, nasi tukayasikia mabishano ambayo, kwa maoni yetu, yafaa yaletwe mbele ya wasomaji wa gazeti hili, kwa kuwa yaligusa jambo kubwa kuliko walivyodhani wenyewe waliokuwa wakibishana.

Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa na simu mkononi, akiwaonyesha wenzake picha za mwanamume mweusi aliyevaa viatu vyenye vyuma, amemwinua mwanamke juu ya kichwa chake, na wote wawili wanateleza juu ya barafu kana kwamba hawana uzito. "Huyu baba yake ni Mtanzania," alisema kijana, "na amekuwa bingwa wa dunia mara tano. Mara tano! Halafu mtu anasema Tanzania hatuna mabingwa." Wenzake wakashangilia.

Mzee mmoja, mstaafu wa reli, aliyekuwa ameketi kwenye benchi la muuza kahawa, akauliza: "Mwanangu, huyo bingwa alifundishwa na nani? Na alipovishwa medali ulipigwa wimbo wa taifa gani?"

"Wa Wajerumani, mzee."

"Basi mshangilie, lakini usimhesabu."

"Mzee wangu, damu ni yetu!"

"Damu ni yetu, sikatai. Lakini kuzaa si kazi, mwanangu. Kazi ni kulea."

Gari letu lilifika kabla mabishano hayajaisha, lakini njiani hatukuwa na jingine la kufikiri. Nani kati yao alisema kweli? Tumeyachunguza mambo yenyewe, na leo twatoa maoni yetu.

Kwanza, habari ya kijana ilikuwa ya kweli. Mwanamichezo huyo aitwa Robin Szolkowy. Alizaliwa mwaka 1979 katika mji wa Greifswald, pwani ya kaskazini ya nchi iliyokuwa ikiitwa Ujerumani ya Mashariki. Mama yake ni Mjerumani, muuguzi. Baba yake ni Mtanzania, daktari. Jambo hilo lisimshangaze mtu. Zama zile Ujerumani ya Mashariki na nchi yetu zilikuwa na uhusiano wa karibu: Zanzibar ilikuwa ya kwanza katika Afrika kuitambua nchi hiyo, mwaka 1964, na nyumba za ghorofa za Kikwajuni, Unguja, zasimama hata leo kuwa ushahidi wa urafiki ule. Vijana wa Kiafrika walikwenda huko kusoma udaktari, uhandisi na ufundi.

Mchezo wa Szolkowy ni kuteleza barafuni kwa watu wawili, mwanamume na mwanamke. Mwaka 2003 aliungana na msichana aitwaye Aljona Savchenko, mzaliwa wa Ukraine, aliyekuwa amekwenda Ujerumani kutafuta mwenzi wa kuchezea. Mwaka 2006 walishika nafasi ya sita katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi mjini Torino, Italia. Mwaka 2007 walipata medali ya shaba katika mashindano ya dunia mjini Tokyo. Mwaka uliofuata, mjini Gothenburg, Sweden, walitwaa dhahabu. Wakaitwaa tena Los Angeles mwaka 2009, Moscow mwaka 2011, Nice mwaka 2012, na Saitama, Japani, mwaka 2014. Katika miaka miwili ya katikati, 2010 na 2013, walipata fedha. Hesabu hiyo yaonyesha kwamba kwa miaka minane mfululizo hawakutoka katika mashindano ya dunia bila medali. Ongeza ubingwa wa Ulaya mara nne, na medali mbili za shaba za Olimpiki, Vancouver mwaka 2010 na Sochi mwaka 2014. Ni wachache sana katika historia ya mchezo huo waliofika hapo.

Msomaji wa Kigoma aweza kuuliza: kuteleza barafuni ni mchezo gani hasa? Barafu tuijuayo sisi ni ile ya kuhifadhia migebuka isioze njiani, na ile ya rangi wanayoinunua watoto watokapo shule. Tulipokuwa wadogo katika shule ya misheni, mwalimu alitueleza kwamba Ulaya maziwa huganda wakati wa baridi hata watu wakatembea juu yake kwa miguu. Darasa zima lilicheka. Tulilitazama ziwa letu la Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, nasi tukaona mwalimu anatutania. Kumbe hakutania. Katika nchi hizo watu walianza kuteleza juu ya mito na maziwa yaliyoganda kwa haja ya safari. Baadaye ikawa michezo. Na siku hizi huchezwa katika majumba makubwa, ambamo mashine hugandisha maji juu ya sakafu yenye urefu wa mita 60 na upana wa mita 30.

Wachezaji wawili hucheza kwa kufuata muziki, mara mbili: mchezo mfupi siku ya kwanza na mchezo mrefu siku ya pili. Mwanamume humwinua mwenzake juu ya kichwa huku akienda kasi. Humrusha hewani, naye mwanamke huzunguka mara tatu kabla ya kutua kwa mguu mmoja, juu ya chuma chenye upana wa milimita chache tu. Huruka pamoja na kutua pamoja, kama mtu na kivuli chake. Akichelewa mmoja hata kidogo, huanguka mmoja au huanguka wote. Hapana medali ya mwanamume peke yake wala ya mwanamke peke yake. Wafanyakazi wetu wanaobeba mizigo bandarini, na wavuvi wanaovuta wavu mmoja, watalielewa jambo hilo bila kuhitaji maelezo marefu.

Je, mshindi hujulikanaje, maadamu hakuna bao wala saa? Huamuliwa na waamuzi. Hapo zamani waamuzi walitoa alama kwa jumla, na ilikuwa rahisi kupendelea. Mwaka 2002, katika Olimpiki ya Salt Lake City, ilizuka fitina kubwa: mwamuzi kutoka Ufaransa alisema ameshinikizwa kuwapigia kura wachezaji wa Urusi, na mwishowe Wakanada walioshika nafasi ya pili wakapewa nao medali ya dhahabu. Baada ya aibu hiyo kanuni zikabadilishwa. Sasa kila mruko na kila mnyanyuo una thamani yake iliyoandikwa, waamuzi husema tu umefanywa vizuri au vibaya kiasi gani, na alama ya juu kabisa na ya chini kabisa huondolewa. Ni kwa kanuni hizo mpya Szolkowy na Savchenko walishinda. Mjini Nice, mwaka 2012, waliwashinda Warusi kwa alama 0.11, katika jumla iliyozidi mia mbili. Mtu hapati ushindi wa namna hiyo kwa kupendelewa. Huupata kwa kutokosea mahali ambapo mwingine alikosea kidogo.

Sasa twende kwenye swali la mzee: alifundishwa na nani?

Szolkowy na Savchenko walifanyia mazoezi mji wa Chemnitz, ambao zamani za Ujerumani ya Mashariki uliitwa Karl-Marx-Stadt. Ni mji wa viwanda, mji wa mafundi na mashine. Katika mji huo, mwalimu mmoja mwanamke, Jutta Müller, alimlea Katarina Witt, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1984 na tena mwaka 1988. Katika mji huo huo alikulia Ingo Steuer, ambaye pamoja na Mandy Wötzel alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1997. Na Steuer huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wa Szolkowy na Savchenko. Tazama basi mnyororo huo: aliyefundishwa amefundisha, na aliyekuwa bingwa amezaa mabingwa. Jumba la barafu halikufungwa serikali ilipoanguka mwaka 1990. Walimu hawakutawanyika wote. Mtoto aliyeingia mlangoni akiwa mdogo alimkuta mtu anayejua, akamkuta kila siku, mwaka baada ya mwaka.

Hatutaki kuipamba Ujerumani ya Mashariki kupita kiasi. Imethibitishwa kwamba utawala ule uliwapa wanamichezo wengi dawa za kuongeza nguvu, na wengine walikuwa watoto ambao hawakuambiwa wanachomezeshwa, na wapo walioharibikiwa na afya zao maisha yote. Medali inayonunuliwa kwa mwili wa mtoto ni wizi, wala hatuitaki. Lakini jumba, mwalimu na muda si wizi. Hayo ni malezi, na ndiyo tunayoyasema.

Hapa twakumbuka jambo la kwetu wenyewe. Kila mtu wa Kigoma na Ujiji aijua meli ya Liemba. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Goetzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam, na kwa reli mpaka Kigoma, ambako reli ilikuwa imefika mwaka 1914. Hapa Kigoma ikaunganishwa upya, na mikono iliyosaidia kuiunganisha ilikuwa pia ya vibarua wa Kiafrika. Ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isichukuliwe na adui; mwaka 1924 Waingereza wakaiibua; na mwaka 1927 ikaanza safari tena kwa jina la Liemba. Tangu hapo imebeba mama zetu na dagaa zao, wagonjwa, wanafunzi na wakimbizi, toka Kigoma hata Mpulungu.

Sasa twauliza: Liemba ni meli ya nani? Hakuna mtu wa pwani hii atakayesema ni ya Wajerumani. Chuma chake ni cha Papenburg, lakini sisi ndio tulioiunganisha, tukaipaka rangi, tukaitia mafuta, tukaipanda na kuililia ilipokosekana. Kazi yetu ndiyo iliyoifanya yetu. Mjerumani akija leo akasema, "Liemba ni yetu kwa sababu ilizaliwa kwetu," tutamcheka kwa heshima na kumkaribisha chai.

Basi kipimo ni kimoja. Hatuwezi kusema kwamba Liemba ni yetu kwa sababu tuliilea, kisha tukasema medali za Szolkowy ni zetu kwa sababu baba yake ni wa kwetu. Mwenye kutumia pishi kubwa anaponunua na pishi dogo anapouza si mfanyabiashara, ni mlaghai. Mzee wa reli alisema kweli. Medali zile ni za Szolkowy na Savchenko wenyewe kwanza, kisha ni za Chemnitz. Wala hatumlaumu mtu yeyote kwa hilo. Hatusemi habari za baba huyu na mwana huyu, ambazo ni zao wenyewe; twasema habari za mataifa na malezi ya watoto wao.

Je, kijana wa bodaboda alikosea kushangilia? La, hasha. Hapo twasimama upande wake. Kwa muda mrefu watu weusi waliambiwa kwamba barafu si yao, kama walivyoambiwa kwamba ofisi si zao na shule za juu si zao. Debi Thomas, Mmarekani mweusi, alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1986, na mwaka 1988 akapata shaba mjini Calgary, akawa mtu mweusi wa kwanza kupata medali katika Olimpiki ya majira ya baridi. Surya Bonaly wa Ufaransa alikuwa bingwa wa Ulaya mara tano mfululizo, tangu 1991 hata 1995. Katika mashindano ya dunia alipata fedha mara tatu, dhahabu asiipate kamwe. Mwaka 1994 huko Japani aliivua medali yake mbele ya watu huku akilia, kwa kuona kwamba hakutendewa haki. Szolkowy alipopanda juu kabisa mwaka 2008, alikanyaga ngazi waliyoijenga hao. Mtoto mweusi popote alipo, akimwona, hupata jibu kwa kila mtu atakayemwambia kwamba rangi yake haifai kwa jambo fulani. Kwa hiyo furaha ya kijana yule ilikuwa halali. Kosa ni kuitia furaha hiyo katika daftari la mafanikio ya taifa, kisha kufunga daftari na kwenda kulala.

Maana daftari letu lenyewe, wananchi, halijajaa. Katika Olimpiki zote ambazo Tanzania imeshiriki hadi ile ya Paris mwaka 2024, tumepata medali mbili tu, zote za fedha, zote mjini Moscow mwaka 1980: Filbert Bayi katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui katika mita 5,000. Waliozaliwa mwaka ule sasa wana wajukuu, na medali ya tatu bado.

Lakini lipo jambo jingine, la mwaka 2025, ambalo twataka kila mzazi wa Mwandiga alijue. Mwezi Septemba mwaka huo, katika mashindano ya riadha ya dunia mjini Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa wa Singida na askari wa Jeshi la Wananchi, alishinda mbio za marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Aliyeshika nafasi ya pili alimaliza kwa saa hiyo hiyo, na picha ndiyo iliyoamua: tofauti ilikuwa sekunde 0.03. Na huyo wa pili ni nani? Ni Amanal Petros, aliyezaliwa Eritrea, akafika Ujerumani akiwa mkimbizi, na siku ile alivaa rangi za Ujerumani.

Hapo mambo yote yamekutana. Wawili wamezaliwa katika ardhi ya Afrika ya Mashariki. Mmoja amelelewa na nchi yake, mwingine amelelewa na nchi iliyompokea. Wamefika mwisho pamoja, wametenganishwa na muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua. Fedha ya Petros Wajerumani wanaihesabu, na ni haki yao. Dhahabu ya Simbu twaihesabu sisi, na ni haki yetu, kwa sababu yeye hatukumpata kwa kumsoma kwenye simu. Alikimbia katika ardhi hii, akaajiriwa na jeshi la nchi hii, akapata shaba mjini London mwaka 2017, akashindwa mara nyingine, akarudi mazoezini, na baada ya miaka minane akapata dhahabu. Kwake Simbu twajua jibu la maswali yote mawili ya mzee: nani alimlea, na wimbo gani ulipigwa.

Sasa turudi Mwandiga, maana hatukuyaandika haya ili msomaji ajue habari za Chemnitz tu.

Mwandiga yakua. Aliyeijua zamani ikiwa kijiji cha njiani, leo hawezi kuitambua. Maduka yameongezeka, nyumba zimesogea, na ardhi ina bei. Na palipo na ardhi yenye bei, cha kwanza kuliwa ni kiwanja cha watoto, kwa sababu watoto hawana hati wala wakili. Halitokei kwa siku moja. Leo kibanda kimoja pembeni ya goli, kwa muda tu, kesho matofali ya mtu, keshokutwa vigingi. Tumeona hivyo katika miji mingi ya nchi hii, wala hatutaji mji wala ofisi, kwa sababu kila msomaji anao mfano wake karibu na mlango wake. Kisha baada ya miaka kumi wazee tunakaa kwenye benchi la kahawa tukiuliza kwa nini vijana hawana kazi ila kukaa na simu.

Hatudai jumba la barafu. Jirani zetu wa Nairobi walipata uwanja wao mdogo wa barafu katika hoteli ya Panari mwaka 2005, na vijana wao wakaanza hata mpira wa magongo wa barafuni, twawatakia heri. Lakini kugandisha maji Kigoma, ambako shule nyingine hazina maji ya kunywa, kungekuwa kichekesho. Tena, nani amesema kwamba barafu yetu lazima igande? Kila taifa huanza na kile lilichopewa. Watu wa kaskazini walipewa baridi, wakaigeuza kuwa mchezo. Sisi tumepewa ziwa lenye urefu wa kilomita zaidi ya 670. Kuogelea kilomita 10 katika maji ya wazi ni mchezo wa Olimpiki tangu mwaka 2008. Kupiga makasia ni mchezo wa Olimpiki. Pale Kibirizi, karibu tu na Mwandiga, wapo vijana wanaopiga kasia usiku kucha kwa sababu ya riziki, na hakuna aliyewahi kuwapima kwa saa. Tena wapo watoto wa pwani hii wanaozama kila mwaka, kwa kuwa waliachwa wajifunze maji peke yao. Mwalimu mmoja wa kuogelea kwanza angeokoa roho, na medali ingefuata baadaye, au isifuate, roho yatosha. Twajua ziwa lina kichocho penye matete na mamba mahali pengine. Ndiyo maana twasema mwalimu na mahali palipochaguliwa, wala hatusemi mtoto atupwe majini.

Na jambo moja zaidi, ambalo lisipotajwa makala hii itakuwa nusu. Medali za Szolkowy ni nusu za mwanamke. Aliporushwa hewani akazunguka mara tatu akatua, ni Savchenko aliyetua. Alipoachwa na mwenzake, aliyestaafu mwaka 2014, alitafuta mwenzi mwingine, Bruno Massot, akafundishwa upya katika umri ambao wengi wameacha, na mwaka 2018 akapata dhahabu ya Olimpiki aliyoikosa hapo awali. Mwandiga, saa kumi jioni, nenda uwanjani uhesabu wasichana. Wako wapi? Wako kisimani, wako jikoni, wako mgongoni na mdogo wao. Taifa linalofundisha nusu ya watoto wake lisishangae likipata nusu ya matunda, au chini ya nusu.

Nini basi kifanyike? Twasema machache, na yote yawezekana bila kungoja fedha za mtu.

Kila tawi na kila serikali ya mtaa ijue viwanja vyake vya wazi, vipimwe, viandikwe, na mipaka yake ipandwe miti. Kiwanja kisichoandikwa ni kiwanja kilichokwisha kuuzwa. Mwanachama atakayekaa kimya kiwanja cha watoto kinapomegwa, kwa kuwa anayemega ni rafiki yake, ajue kwamba amemega na yeye.

Walimu wa michezo walioko mashuleni waachiwe wafundishe michezo, wasigeuzwe kuwa wahesabu madaftari. Na kila aliyewahi kucheza, awe mstaafu wa reli, wa bandari au wa jeshi, aitwe afundishe. Chemnitz ilishinda kwa mnyororo: aliyejua alimfundisha asiyejua, wala hakuondoka na ujuzi wake kaburini. Nasi tunao watu wa namna hiyo. Wamekaa kwenye mabenchi ya kahawa.

Wasichana wapewe saa yao uwanjani, nao wazazi wawape saa hiyo nyumbani.

Na tuwe na subira. Tangu Szolkowy na Savchenko walipoungana hadi dhahabu yao ya kwanza ilipita miaka mitano, na kabla ya hapo kila mmoja alikuwa amekwisha kuteleza tangu utotoni. Huko Sochi, mwezi Februari 2014, waliitaka dhahabu kuliko kitu chochote, wakaanguka mbele ya dunia nzima, wakapata shaba. Mwezi mmoja tu baadaye, Saitama, walisimama wakawa mabingwa wa dunia kwa mara ya tano. Sisi mara nyingi timu ikianguka mara moja twaivunja, twamfukuza mwalimu, na tunaanza upya kana kwamba hapakuwa na jana.

Tulipokuwa tukipanda gari Mwandiga, tulimsikia kijana wa bodaboda akimwuliza mzee kwa sauti ya chini: "Sasa mzee, sisi lini?" Hatukulisikia jibu. Lakini ng'ambo ya barabara watoto walikuwa wakicheza mpira wa makaratasi kati ya mawe mawili, na nyuma ya jiwe moja mtu alikuwa amekwisha kushusha tripu ya mchanga wa kujengea.

Jibu la kijana lilikuwa pale. Mchanga ule ukiondolewa, kijana yule anaweza kuwa na mtu wa kumhesabu. Ukiachwa, ataendelea kuhesabu watoto waliolelewa na wengine.